Siku Niliyomtembeza Baba Chuoni

Kuna siku nilimtembeza baba yangu mzazi chuoni kwetu, jengo kwa jengo, na yeye akaniita "dada" kuanzia getini hadi tulipoagana.

Si kwamba alinisahau.

Alinijua. Niliona kwa macho yangu alivyonijua.

Sitafuti huruma ya mtu hapa. Ila nimewasoma humu mkisimulia ya kwenu, na langu limenikaa kooni muda mrefu kama mwiba wa samaki. Acha nilitoe.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili, na nilikuwa balozi wa wanafunzi.

Kwa wasiojua, huyu si balozi wa kupanda ndege na kupeana mikono na wakubwa. Ni mwanafunzi anayevaa fulana ya chuo na beji kifuani, anapokea wageni, anawazungusha, anajibu maswali ya wazazi. Kwa kifupi, unauza chuo kwa meno yako.

Tulifundishwa kutembea kinyumenyume huku tunaongea, ili mgeni aone uso wako muda wote. Mara ya kwanza niliishia kwenye pipa la taka. Baadaye nikawa fundi, napanda hata ngazi kinyumenyume huku naeleza habari za maktaba.

Tulifundishwa pia pa kupita na pa kutopita. Maabara mpya, pita polepole. Maabara ya zamani, ile ambayo hadubini zake nyingi hazina lenzi, pita chapuchapu huku unawaonyesha bustani upande wa pili.

Bosi wetu alikuwa mama mmoja wa ofisi ya udahili. Tulimwita Mama Tabasamu, kwa sababu ndilo neno lake la asubuhi na jioni. Ukimwambia kichwa kinauma, anakujibu, "Pole mwanangu. Tabasamu."

Na nilitabasamu kweli, maana balozi alipewa kitanda bure katika hosteli ya ndani ya chuo. Kwangu kile kitanda kilikuwa ndicho chuo chenyewe. Bila hicho, mama asingeweza kunipangia chumba nje, na mimi ningerudi nyumbani kuangalia ukuta.

Mama ni mfuaji wa hospitali. Anafua mashuka. Ukimkumbatia ananukia dawa ya kung'arishia, hata Jumapili, hata akiwa amevaa nguo ya harusini.

Baba aliondoka nikiwa na miaka mitatu. Alipata kazi mji mwingine. Mwanzoni alikuja likizo, ananiletea viatu vinavyonibana, mama anavilowanisha na kuvitanua kwa magazeti ili nisimvunje moyo. Kisha ikawa simu tu. Nilipofika darasa la tatu, simu nayo ikaota mbawa.

Mama hakuwahi kumsema vibaya. Nikimuuliza baba yuko wapi, jibu lilikuwa moja.

"Baba yako yupo."

Hasemi yuko wapi wala yuko na nani. Yupo tu.

Nimekua na hilo neno. Na nimekua na majina mawili kutoka kwake. La kwanza ni la bibi, mama yake mzazi, yeye ndiye aliyenipa. La mwisho ni la ukoo wao, na si la kawaida. Ukilisikia mahali popote, jua kuna undugu.

Sasa, chuo kikapiga video ya tangazo. Mabalozi tukasimamishwa mbele ya kamera, kila mtu anataja majina yake kamili na kozi anayosoma, kisha anasema, "Njoo tusome pamoja." Video ikasambaa. Balozi mwenzangu mmoja, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, akawa kila akinikuta kantini ananiigiza sauti hadi watu wanapaliwa na chai.

Wiki chache baadaye, Mama Tabasamu akaniita.

"Kuna familia inakuja Ijumaa. Wamekutaka wewe, wametaja jina lako kabisa. Umeshakuwa nyota."

Nikajisikia. Ijumaa nikapiga pasi fulana mara mbili, nikaenda getini kusubiri.

Likaja gari la rangi ya majivu. Akashuka binti, mwembamba, miwani usoni, aliyemaliza sekondari juzijuzi. Akashuka mama mmoja mnene wa kupendeza, ana pochi kubwa na sauti ya upole. Kisha mlango wa dereva ukafunguka, akashuka mzee.

Nikaona kovu kwanza.

Kovu lililokata nyusi yake ya kushoto katikati. Nikiwa mdogo nilikaa mapajani mwake nikilipitisha kidole, namuuliza linauma, ananiambia linauma nikiacha.

 Nikaishika nguzo ya geti.

Naye akanikaribia akiwa na uso wa mgeni wa kawaida, ule uso wa wazazi wanaotafuta pa kuegesha gari. Macho yakashuka kwenye beji yangu. Beji zetu zilikuwa na jina la kwanza tu. Akalisoma. Nikamwona analisoma tena. Kisha akapandisha macho usoni kwangu, taratibu, kama mtu anayefunua sufuria asiyejua kuna nini ndani.

Akasafisha koo.

"Haya dada," akasema, "tuongoze."

Dada.

Ndugu zangu, mdomo wangu ulifunguka na kilichotoka ni yale niliyofundishwa. "Karibuni sana chuoni kwetu. Leo tutaanza na jengo la utawala." Nikageuka kinyumenyume, nikaanza kutembea, uso wangu ukimwelekea yeye. Kazi ilinilazimisha kumtazama baba yangu usoni muda wote, na yeye alitazama miti.

Tukaingia maktaba. Mkewe alikuwa mtu wa maswali mazuri. Usalama ukoje, maji yanapatikana, mtoto akiumwa nani anamwangalia. Namjibu, ananisikiliza kama ninasema jambo la maana. Halafu naye akaisoma beji yangu.

"Una jina la mama mkwe wangu," akasema.

Akatabasamu. Kisha tabasamu likamfia usoni. "Na pia ni jina la..."

Akakatisha. Akamtazama mumewe.

"Jina la kawaida hilo," mzee akasema. "Wako wengi."

Yule mama akanisogelea, akanishika shavu kwa kiganja, macho yamemjaa maji. "Mungu akutunze, mwanangu," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani ni watu wa kulia haraka, wako hivyo.

Tukaenda ukumbi wa mihadhara. Binti alikuwa hajauliza lolote kuhusu kozi, wala ada, wala hosteli. Alikuwa ananiangalia mimi, kisha anamwangalia baba yake, kisha mimi. Mara akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Dada, samahani. Baba yako anafanya kazi gani?"

Ukumbi ule una mwangwi. Neno "baba" likazunguka kuta zote.

Nikamwangalia mzee. Nilimpa nafasi. Nawaapia, nilimpa nafasi ya kutosha mtu kusema neno moja tu. Yeye akainua uso akawa anakagua feni za darini, utadhani amekuja kuzinunua.

"Nimelelewa na mama," nikajibu.

"Hongera kwa mama yako," mkewe akasema. "Amefanya kazi kubwa."

"Nitamfikishia."

Sijui nilimalizaje ile ziara. Nilijikaza kisabuni. Najua nilitaja idadi ya vitabu, nilionyesha bustani, nilicheka mahali pa kucheka. Tuliporudi kwenye gari, mzee akasubiri mkewe na bintiye waingie. Akatoa noti mfukoni, ameikunja, akaninyooshea kama mtu anayemlipa mbeba mizigo stendi.

"Asante kwa kazi nzuri, dada."

"Haturuhusiwi kupokea," nikasema.

Akairudisha mfukoni haraka sana. Nadhani alifurahi kwamba yamekwisha hapo.

Nilirudi hosteli nikalala na fulana ya chuo mwilini. Mama akapiga simu jioni, sikupokea. Ningemwambia nini? Kwamba yule "yupo" wake nimemwona, na ana gari na mke mzuri?

Jumatatu Mama Tabasamu akaniita ofisini. Akafunga mlango. Safari hii hakuniambia nitabasamu.

"Kuna mzazi alipiga simu Ijumaa jioni," akasema. "Yule mzee uliyemtembeza."

 Mjinga mimi, nilidhani amepiga simu kuniulizia.

"Anasema ulimkodolea macho mbele ya mke wake. Kwamba hukumwondolea macho kuanzia getini. Anasema amejisikia vibaya sana, na binti yake pia, na hawezi kumleta mtoto chuo ambacho mabinti wanawinda waume za watu."



"Mama," nikasema, "yule ni baba yangu."

 Akavua miwani, akaiweka mezani, akapumua kama mtu aliyechoka na dunia.

"Mwanangu, ungekaa kimya tu ingekuwa afadhali. Sasa unaharibu zaidi."

"Ni baba yangu mzazi. Jina la ukoo ni moja. Angalia."

"Kwenye simu hakutaja jina la ukoo, hata walipoomba ziara hawakulitaja. Alisema ni mzazi, na mimi namwamini mzazi. Unataka nimpigie mtu nimuulize kama amezaa nje? Ndicho unachotaka nifanye kwa niaba ya chuo?"

 

Akanyoosha mkono. Nikavua beji nikampa. Akaniambia fulana nifue kwanza ndipo nirudishe.

Na kitanda kikaenda na beji. Mwisho wa wiki nilikuwa nimebeba begi na ndoo, natafuta pa kujibanza. Rafiki yangu wa darasani akanipokea kwenye kitanda chake, tukawa tunalala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu, yangu kichwani kwake. Simlaumu chochote, alinisitiri.

Redio ndiye aliyenimaliza. Habari ilipomfikia, kazi yake akaifanya. Kufikia Jumatano nikipita kantini, wavulana wanakohoa. Mmoja akauliza kwa sauti, "Eti, wazee tu ndio wanaruhusiwa?" Meza nzima ikacheka. Redio alikuwa pale. Na yeye alicheka, kisha akaangalia sahani.

Nilipanda basi nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa uani anafua za kwetu, maana mfuaji naye ana nguo zake. Nilimwambia nimeachishwa ubalozi. Sikusema kwa nini. Akasugua kola ya gauni lake, akaisugua tena.

"Ulimwona," akasema.

Haikuwa swali.

"Umejuaje?"

"Alinipigia. Ijumaa ileile."

Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. 

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mwambie mtoto wako aache kunifuata.'" Akakamua gauni, maji yakachuruzika hadi miguuni kwangu. "Mtoto wako. Hakusema wetu."

"Mama, namba yako aliitoa wapi?"

 Jibu likanijia kabla hajafungua mdomo. Simu ya mama imeharibika mara nyingi, imeibiwa, imeanguka kwenye beseni. Kila mara alikwenda kupanga foleni kuirudisha namba ileile. Nilikuwa namcheka. Nikimwambia anunue laini mpya yenye ofa, anakataa katakata.

"Hii sijawahi kuibadilisha," akasema. "Nilidhani ameipoteza."

Alikuwa nayo. Miaka yote hiyo alikuwa nayo. Angeweza kupiga siku yoyote, na siku aliyopiga ndiyo hiyo.

Mama akainuka akaenda kuanua nguo kwenye kamba. Zilikuwa hazijakauka hata kidogo. Nilimwacha azianue.

Nilirudi chuoni kwa sababu mama alinitoa mbio. "Ukiacha shule kwa ajili yake utakuwa umempa na hiyo," alisema. Nikapata kibarua kwenye duka la fotokopi nje ya geti. Nikawa naona mabalozi wenzangu wanapita na wageni, wanatembea kinyumenyume, wanacheka mahali palepale nilipokuwa nacheka mimi.

Siku moja mchana, jua kali, dukani hakuna mtu, akaingia yule binti. Peke yake.

"Unanikumbuka?" akauliza.

"Chuo kiko upande wa pili wa barabara," nikasema. "Mimi sitembezi tena wageni."

"Najua. Nimeambiwa ofisini." Akashika ukingo wa kaunta. "Mimi ni mdogo wako."

"Najua."

Akashtuka. "Ulijua siku ile?"

"Nilijua alipofungua mlango wa gari."

Miwani yake ikaanza kupata ukungu. Akaivua, akaifuta na shati, akaivaa, akaivua tena.

"Basi na yeye alikujua," akasema.

"Alinijua kuliko ninavyojijua."

Akavuta kiti cha wateja, akakaa bila kukaribishwa.

"Dada, mimi ndiye niliyeomba tutembezwe na wewe. Baba alitaka twende chuo kingine. Nililia nyumbani siku nzima hadi akakubali. Niliona ile video. Nikasikia jina lako la kwanza, nikasema sawa, limefanana. Ukataja la ukoo, simu ikanidondoka."

"Kwa nini idondoke? Mtu na dada yake, ungenitafuta tu."

"Nilitaka nihakikishe kama u mzima."

"Mzima vipi?"

Akaniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa na mtu mwingine tangu nizaliwe.

"Nyumbani kwetu," akasema, "wewe umekufa."

Kuna mashine moja ya pale dukani inanguruma hata isipotoa kopi. Nakumbuka niliizima, nadhani ili nisikie vizuri.

Akanisimulia. Baba alipokutana na mama yake, alimwambia ni mjane. Mke wake wa kwanza na binti yake walikufa katika ajali barabarani, wote pamoja. Mama yake akamhurumia. Huruma ikawa mapenzi, mapenzi yakawa ndoa. Ukoo mzima wa mkewe unamheshimu kwa msiba huo. Wanamwita mtu aliyepitia makubwa.

"Kila mwaka kuna siku tunawaombea," akasema. "Wewe na mama yako. Tunawataja majina."

"Mnatuombea."

"Nikiwa mdogo nilikuogopa. Taa ikizimwa nafikiri utakuja kudai vitu vyako. Baadaye nikazoea. Nikawa naongea na wewe. Nimekuomba hata unisaidie kwenye mitihani ya hesabu."

"Nilikusaidia?"

"Nilifeli."

Tulicheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi, lakini tulicheka wote wawili, na kilipoisha hakuna aliyejua aweke wapi macho.

"Na makaburi?" nikauliza. "Mmeshawahi kwenda?"

"Baba anasema hawezi. Anasema inamuumiza."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na haikumpata aliyestahili. Ilimpata yeye.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema. "Ulijua mimi ni nani, na ulimjua yeye. Ukanileta mbele yake na beji kifuani, ukaniuliza baba yangu anafanya kazi gani mbele ya watu. Kwa nini hukuja kwanza kwangu?"

"Nilitaka nimwone akikuangalia. Nilidhani akikuona mbele yake hataweza."

"Ameweza."

"Ndiyo," akasema. "Ameweza."

"Ulinifanya mtihani wa baba yako. Yeye amefeli, na aliyefukuzwa ni mimi."

Alilia sana. Aliniomba msamaha. Nilimpa maji ya kunywa, msamaha sikumpa. Hadi leo ananitumia ujumbe, na mimi huwa najibu baada ya siku kadhaa. Ni mtoto mzuri. Kosa lake ni dogo. Ila kidonda hakipimi ukubwa wa kisu.

Alinieleza pia yaliyofuata kwao. Jioni ya ile Ijumaa mama yake alimuuliza mumewe yule binti ni nani. Akaambiwa ni binti asiye na adabu. Ndipo mdogo wangu akamwonyesha mama yake ile video, mara moja tu, hadi mahali ninapotaja majina yangu. Yule mama hakupiga kelele. Akampigia simu shangazi mmoja wa upande wa mumewe, mzee wa siku nyingi ambaye walikuwa hawamtembelei, akauliza swali moja, akapata jibu. Siku iliyofuata alifunga nguo zake na za binti yake, akaenda kwa dada yake.

Nilijua basi kwamba mzee atakuja. Na alikuja.

Alinikuta natoka darasani. Alikuwa amekonda kidogo na shati halijapigwa pasi. Tukakaa kwenye benchi la nje ya jengo la utawala, mahali nilipozoea kuanzia ziara.

Akasafisha koo.

"Mwanangu," akasema.

Nimelisubiri neno hilo tangu darasa la tatu. Lilipokuja, lilipita kama upepo wa mlango.

"Mambo yameharibika," akaendelea. "Lakini yanaweza kurekebishwa. Mpigie mke wangu, mama yako mdogo. Mwambie wewe ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ukoo ni uleule, jina la bibi yeyote kati yetu angeweza kukupa. Nimelifikiria. Kila kitu kinakaa."

"Na mama yangu?"

"Atakuwa mke wa kaka. Shemeji yangu. Hata akija nyumbani hakuna tatizo."

Alisema hivyo kwa uso wa mtu anayekupa zawadi. Nikamtazama, na kwa mara ya kwanza sikutafuta kitu usoni kwake.

"Ulipiga simu ofisini ukasema nakuwinda," nikasema.

"Nilichanganyikiwa. Ningefanya nini?"

"Nilifukuzwa. Chuo kizima kinanicheka."

"Yatapita hayo. Wewe bado kijana." Akanisogelea. "Mimi je? Umenivunjia nyumba. Unajua nimeijenga miaka mingapi?"

Nikasimama. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga usiku na mchana, juu ya viatu vya kubana na mashuka ya hospitali. Yote nikaona sina kazi nayo. Likabaki moja.

"Mimi ni marehemu, mzee. Marehemu havunji nyumba ya mtu."

 Nilipoondoka nilimsikia akiniuliza nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeonewa kweli:

"Sasa mimi nitaishi na nani?"

Hakuuliza mama ana hali gani. Hakuuliza ninasoma nini. Alikuwa ametembezwa chuo kizima na bado hakuuliza ninasoma nini.

Ubalozi sikurudishiwa. Mdogo wangu alikwenda kwa Mama Tabasamu kumweleza ukweli, akasikilizwa vizuri, akaambiwa chuo hakiingilii mambo ya familia. Kama msimamo huo ungekuwepo siku ya kwanza, ningekuwa na kitanda changu. Redio alikuja kuomba radhi akiwa na soda mbili. Nilikunywa yangu, nikamwambia atangaze na hilo pia. Hilo hakulitangaza.

Mama nilimwambia yote likizo ilipofika. Nilimweleza juu ya ajali ambayo haikuwepo, maombi ya kila mwaka, makaburi yasiyokuwepo. Nilidhani ataanguka. Alikaa akikunja shuka moja, pembe kwa pembe, kama wanavyokunja hospitali.

"Na mimi walikuwa wananitaja?" akauliza.

"Ndiyo mama. Kwa jina."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."



"Basi wale ni watu wema," akasema. "Mimi hapa hakuna aliyekuwa ananiombea."

Akachukua shuka lingine.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiona mzazi amekukana, usipoteze maisha yako kumtafutia sababu, na usimbebee siri yake ili apendeze. Akikuomba uwe mtoto wa marehemu, kataa, hata kama kukataa kutakugharimu pa kulala.

Na wewe unayetaka kuondoka kwenye nyumba yako, ondoka. Sema umechoka, sema umempenda mwingine, sema lolote watu wakutukane siku moja yaishe. Ila usiwazike watu walio hai. Tunaendelea kukua huko ulikotuzika, na hatujui kwamba tunatakiwa kujificha.